Mazoezi ya Hadharani: Mwelekezi na Lugha katika Kamĩrĩĩthũ, 1977–1982

Katika desturi ya tamthilia iliyoletwa Kenya na wakoloni, mazoezi yalikuwa siri ya mwelekezi na waigizaji wake. Makosa yalirekebishwa faraghani, na mtazamaji alialikwa siku ambayo kila jambo limekwisha kuiva. Desturi hiyo ilipinduliwa katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwaka 1977, mazoezi ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda yalipoanza.

Mchezo huo ulitungwa kwa Kigikuyu na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, na mwelekezi wake alikuwa Kimani Gecau. Waigizaji walikuwa wakulima na wafanyakazi wa viwanda na mashamba ya jirani, ambao wengi wao hawakuwa wamepata kupanda jukwaani. Kwa kuwa siku za kazi ziliwabana, mazoezi yalifanywa hasa alasiri za Jumamosi na Jumapili. Yalifanywa uwanjani, mahali ambapo wanakijiji wenyewe walijenga jukwaa lisilo na paa, na kila apitaye aliruhusiwa kusimama, kutazama na kusema.

Mwelekezi yeyote aanzapo mazoezi hukabiliwa na swali moja: ni nani mwenye amri juu ya neno? Pale ambapo mchezo umeandikwa kwa Kiingereza, jibu ni jepesi, kwani mwigizaji hujifunza kwa yule aliyesoma zaidi. Kamĩrĩĩthũ mizani iligeuka. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walileta muswada katika lugha ambayo wazee wa kijiji waliimudu kuliko wao. Maneno ya mzee yasiyolingana na umri wake yalikosolewa, na wimbo au sherehe iliyokosewa ilisahihishwa na wale walioishuhudia. Hata mambo ya kiwandani yalielezwa na wafanyakazi, waliojua hesabu ya jasho lao.

Isidhaniwe kwamba kazi ya mwelekezi ilikoma. Maoni ya umati hayaingii yote jukwaani, na lazima awepo wa kuyapima na kuyapatanisha. Lililobadilika ni asili ya mamlaka yake: alihukumu baada ya kusikiliza. Watazamaji nao walifaidika. Waliwaona jirani zao wakisoma kwa kusitasita, wakigongana jukwaani, kisha wakikomaa juma kwa juma. Hivyo walitambua kwamba sanaa ni tunda la kazi, wala si kipawa cha wateule.

Mchezo ulifunguliwa tarehe 2 Oktoba 1977. Tarehe 16 Novemba serikali ilifuta idhini yake, na mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila ya kushtakiwa, hadi Desemba 1978.

Uzito wa mazoezi ulidhihirika zaidi mwaka 1982. Kikundi hicho kilikuwa kimetayarisha Maitũ Njugĩra, mchezo wenye nyimbo za lugha kadhaa za Kenya, kwa nia ya kuuonyesha mwezi wa Februari katika Jumba la Michezo la Taifa, Nairobi. Walipofika walikuta milango imefungwa. Wakaendelea na mazoezi Chuo Kikuu, na maelfu ya watu wakaenda kuyatazama, hadi hayo nayo yakakatazwa. Mwezi wa Machi kituo cha Kamĩrĩĩthũ kilifutwa katika daftari la serikali, na jukwaa lake likabomolewa na polisi. Mchezo huo haukupata siku ya ufunguzi. Mazoezi yake ndiyo yaliyokuwa maonyesho.

Kwa mtafiti wa lugha, funzo lililopo ni zito. Ngaahika Ndeenda ilichapishwa kitabuni mwaka 1980, na aghalabu huchambuliwa kama kazi ya watunzi wawili. Lakini maneno yaliyomo yalipita kwanza katika baraza la wasemaji wenyewe, yakakubaliwa au kukataliwa. Mchambuzi asiyelitia baraza hilo katika hesabu hupima mavuno bila ya kuwataja waliolima.