Christen Smith na Meli ya Kongo: Historia ya Safari ya 1816

Anayetoka Lubumbashi akifika Kasomeno hukuta njia panda: moja yaenda Kasenga, nyingine Pweto. Zote mbili humfikisha kwenye maji yale yale. Luapula hupita Kasenga, huingia Ziwa Moero, hutokea Pweto kwa jina la Luvua, huungana na Lualaba pale Ankoro, na mwisho, kama Mto Kongo, humwagika baharini huko Banana. Mwaka 1816 wakubwa wa jeshi la majini la Uingereza hawakuyajua hayo. Walishuku kwamba Kongo na Niger ni mto mmoja, wakamtuma Kapteni James Tuckey akapime na kuchora ramani.

Meli yake iliitwa Congo. Iliundwa iendeshwe kwa mvuke, lakini mtambo ulikuwa mzito mno, ukang'olewa kabla ya safari, ikaondoka kwa matanga. Kwa ushauri wa mtaalamu wa mimea Sir Joseph Banks walipandishwa wataalamu wa viumbe. Mkuu wa mimea alikuwa Christen Smith, profesa wa Norwe, ambaye mwaka uliotangulia alikuwa Madeira na Visiwa vya Kanari. Wa wanyama alikuwa John Cranch, aliyeanza maisha kama fundi viatu, akajisomesha mwenyewe. Pamoja nao alikuwamo David Lockhart, mtunza bustani wa Kew.

Alikuwamo pia mwana wa Kongo aliyeitwa Simmons. Alipokuwa mtoto, baba yake alimkabidhi kwa nahodha wa Liverpool ampeleke Uingereza akasome. Nahodha akamuuza utumwani St. Kitts. Meli ilipofika mtoni, mzee alikuja kumpokea mwanawe, na Tuckey aliandika kwamba furaha ya baba iliizidi ya mwana.

Julai waliingia mlangoni mwa mto. Kazi ya Smith ilihitaji subira: kukata tawi lenye ua au tunda, kulilaza kati ya karatasi, kulikandamiza, kubadilisha karatasi kabla ukungu haujaingia, na kuandika limetoka wapi. Maporomoko ya Yellala, karibu na Matadi ya leo, yaliziba njia ya mashua, wakaendelea kwa miguu juu ya mawe na vilima. Hapo homa ikawakamata. Tarehe 4 Septemba Cranch alifariki. Tarehe 22 akafuata Smith, hajatimiza miaka 31. Tarehe 4 Oktoba akafariki Tuckey mwenyewe. Kati ya wataalamu wa viumbe na wasaidizi wao, Lockhart ndiye aliyerudi hai.

Mimea nayo ilifika London, zaidi ya spishi 600. Aliyeichambua ni Robert Brown, ambaye naye alipata ujuzi wake melini, alipoizunguka Australia na Kapteni Flinders katika Investigator. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 1818 katika kitabu kimoja na shajara za Tuckey na Smith. Mti Christiana africana umepewa jina la Smith. Ngisi Cranchia, jina la Cranch.

Swali la njia ya Mto Kongo lilingoja hadi 1877, mpelelezi Stanley alipoifuata Lualaba hadi Boma. Kwa hiyo safari ya Tuckey haikupata ilichotumwa, na bado elimu ya mimea ya Kongo imejengwa juu yake. Kilichookoa jasho la wafu ni majani yaliyokaushwa vizuri na maandishi yaliyotunzwa.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Kasomeno na ukingo wa Luapula ni mwendo wa siku moja kwenu. Nendeni na karatasi na kalamu. Wavuvi na waganga wa huko wanaijua miti kwa majina na kwa dawa zake. Kausheni matawi, andikeni mahali na tarehe, na pembeni andikeni jina la aliyewaonyesha.