Sari ya hariri ya kufumwa kwa mkono: thamani yake, na funzo lake kwa Kitui

Weka sari mbili mezani. Zote nyekundu, zote zina pindo la dhahabu, zote zinang'aa. Bei ya moja ni ya gunia la mahindi, bei ya nyingine ni ya ng'ombe. Mteja asiyejua atabeba ya rahisi na kudhani muuzaji wa pili ni mlaghai. Waswahili husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika biashara ya hariri, kibaya kimejifunza kujipamba hadi kinauzwa kwa jina la chema.

Makala haya yanaeleza sari ya hariri ya mkono hutengenezwaje na hutambuliwaje, na kwa nini habari zake zinamhusu hata mkaazi wa Tulia, Kaunti ya Kitui, ambaye huenda hajawahi kuvaa sari maishani mwake.

Sari ni nini

Sari ni kitambaa kimoja kirefu kisichoshonwa. Nyingi zina urefu wa mita tano na nusu hivi, na zipo za kimila zinazofika mita nane. Anayejua kanga hatapata tabu kuielewa, kwa kuwa sari nayo ina mji wake na pindo lake. Tofauti ni kwamba ncha moja, ile inayoangushwa begani na ambayo Wahindi huiita pallu, ndiyo hubeba mapambo mazito kuliko kwingine kote.

Maua ya kanga huchapishwa juu ya kitambaa kilichokwisha kufumwa. Katika sari ya hariri ya mkono, ua, tausi au embe ni uzi wenyewe, uliopitishwa mahali pake wakati kitambaa kinafumwa. Fundi akikosea hana rangi ya kufunikia kosa. Hana budi kurudi nyuma na kufumua.

Kutoka kwa kiwavi hadi uzi

Hariri nyingi duniani hutokana na kiwavi anayekula majani ya mforsadi. Kiwavi huyo akikomaa hujizungushia uzi mmoja wa mamia ya mita na kujifungia ndani ya kifukofuko. Ili uzi usikatike, vifukofuko huchemshwa kabla nondo hajatoboa, kisha nyuzi za vifukofuko kadhaa hukusanywa pamoja na kuwa uzi mmoja imara. Sari moja hula maelfu ya vifukofuko.

India pia ina hariri za porini. Tasar hutoka kwa nondo wa misituni, hasa katika majimbo kama Jharkhand. Muga, yenye rangi ya dhahabu ya asili, hutoka Assam. Eri, ya Assam vilevile, husokotwa kama pamba kwa sababu kifukofuko chake hakitoi uzi mmoja usiokatika. Hizi za porini tutazirudia, kwa maana ndizo zinazotupeleka Kitui.

Mafundi na miji yao

Kufuma ni kukutanisha nyuzi za aina mbili: mtande, ulionyooshwa kwa urefu wa kitambaa, na mshindio, unaopita kwa upana, juu na chini ya mtande. Kila mji wa India una njia yake ya kuzikutanisha.

Kanchipuram, kusini, husifika kwa sari nzito ambazo mji na pindo vina rangi mbalimbali. Mafundi wa huko hutumia mishindio mitatu kwa mpigo mmoja, wa pindo la kushoto, wa katikati na wa pindo la kulia, na kuifunganisha pale rangi zinapokutana. Kwa desturi kazi hiyo huhitaji watu wawili kwenye mtambo mmoja.

Varanasi, mji ambao wengi bado huuita Banaras, hujulikana kwa zari, yaani uzi wa fedha au dhahabu unaochora maua ndani ya hariri. Neno zari tunalo katika Kiswahili pia. Zari iliyo bora ni uzi uliozungushiwa fedha na kupakwa dhahabu. Ya bei ya chini ni plastiki inayometameta.

Patan, katika Gujarat, ndiko kwenye patola, kazi ngumu kuliko zote. Huko nyuzi za mtande na za mshindio hufungwa vifundo na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, kwa hesabu ya kwamba zitakapokutana kwenye mtambo, ua litajitokeza lenyewe, sawasawa pande zote mbili za kitambaa. Sari moja huchukua miezi, na nyingine hufika mwaka. Kazi hii imebaki mikononi mwa familia chache sana za ukoo wa Salvi.

Pwani yetu nayo si mgeni wa hariri. Karne nyingi kabla ya viwanda, Pate ilikuwa na wafumaji wa hariri waliojulikana, na nguo zao zilivaliwa na wakubwa wa miji mingine. Vitanda vyao vya mfumi vimekwisha. Ustadi ukikatika kizazi kimoja haurudi kwa kutamaniwa.

Adui wa mfumaji

Kinachomtisha mfumaji wa leo ni mtambo wa umeme. Mtambo huo hutoa kwa siku moja idadi ya sari ambayo mkono hauwezi kuifikia kwa wiki kadhaa, mara nyingi kwa polista, na kuuigiza mtindo wa Banaras hadi muuzaji mwenyewe akachanganyikiwa. Serikali ya India ilitunga sheria mwaka 1985 ya kutenga aina fulani za nguo, sari zikiwemo, zifumwe kwa mkono tu. Sheria hiyo huvunjwa mara kwa mara. Tangu 2015, tarehe 7 Agosti huadhimishwa kama siku ya kitaifa ya wafumaji wa mkono, kwa kumbukumbu ya mwaka 1905, Wahindi walipoanza kususia nguo za Uingereza.

Hasara haimwangukii mnunuzi peke yake. Fundi aliyekaa mwezi mzima juu ya sari moja hulazimika kushusha bei ili ashindane na nguo ya saa chache. Mtoto wake akiona hivyo hatajifunza kufuma. Atatafuta kibarua mjini.

Jinsi ya kuitambua

Msomaji anayekwenda kununua azingatie haya:

Kwanza, geuza kitambaa. Mara nyingi upande wa ndani wa kazi ya mkono huonyesha nyuzi zilizokatwa au zilizofungwa kuzunguka kila ua.

Pili, tazama kingo. Mfumaji wa mkono hutanua kitambaa kwa kijiti chenye pini, na pini hizo mara nyingi huacha vitundu vidogo kando ya pindo.

Tatu, usiogope dosari ndogo. Mstari ulionona kidogo hapa na kukonda pale ni alama ya mkono. Unyoofu usio na kasoro hata moja ndio wa kutiliwa shaka.

Nne, omba uzi mmoja uuchome. Hariri hunuka kama nywele zilizoungua na kuacha majivu yanayosagika. Polista huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu.

Tano, soma lebo. Alama ya Silk Mark, iliyoanzishwa India mwaka 2004, inathibitisha kwamba uzi ni hariri safi. Haithibitishi kwamba nguo imefumwa kwa mkono. Hiyo ni kazi ya alama nyingine, Handloom Mark.

Hariri ya Kitui

Sasa turudi kwetu. Katika misitu ya Imba na Mumoni, upande wa Mwingi katika Kaunti ya Kitui, yuko nondo wa hariri wa porini ambaye wanasayansi humwita Gonometa postica. Viwavi wake hula majani ya migunga, na hupatikana kufuatia mvua za vuli na za masika. Kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe, chenye makao yake Nairobi, kilifanya kazi na wakaazi wa huko miaka ya 2000. Kiliwafundisha kuwakinga viwavi kwa mifuko ya neti dhidi ya ndege na wadudu, na kukusanya vifukofuko baada ya nondo kutoka. Kwa hiyo hariri hiyo hupatikana bila kumuua mdudu.

Kazi yake si nyepesi. Vifukofuko vina manyoya yanayochoma mikono, na gundi yake lazima iyeyushwe kwa kuchemshwa. Kisha nyuzi husokotwa mithili ya eri ya Assam, ndipo zifumwe. Uzi unaopatikana una rangi ya udongo, hauhitaji dawa ya rangi, na ni ndugu wa tasar ambayo India huiuza kwa fahari.

Hapa ndipo lilipo suala lenyewe. Mgunga huohuo unaomlisha kiwavi ndio unaotoa makaa yanayotafutwa sana. Mwaka 2018 Kaunti ya Kitui ilipiga marufuku biashara ya makaa, lakini amri haimshibishi mtu wakati wa kiangazi. Mti uliokatwa hulipa mara moja. Mti uliosimama hulipa kila msimu, mradi awepo anayejua kusokota na kufuma, na awepo mnunuzi anayejua kwa nini nguo ile ni ghali.

Mikono ipo. Kina mama wa Kitui na Makueni wamesuka viondo vizazi na vizazi, na anayeweza kusokota katani pajani huku akipiga soga si mwanafunzi wa mwanzo katika kazi ya nyuzi. India inatuonyesha kwamba kipaji hicho hakitoshi bila alama inayoaminika na mnunuzi aliyefundishwa kuangalia. Varanasi ina mafundi wengi kuliko tutakaokuwa nao kamwe, na bado wanaumia kwa sababu wateja hawageuzi kitambaa.

Basi, msomaji, siku utakapoonyeshwa sari au mtandio wa hariri dukani, usianze kwa kuuliza bei. Geuza upande wa ndani kwanza, kisha uliza nani kaufuma.