Kamera gani inafaa kwa filamu ya bajeti ndogo?

Vijana watano wa Ngarenaro wakichangishana shilingi 3,000,000 ili watengeneze filamu fupi, mjadala wa kwanza huwa mmoja: tununue kamera gani? Mara nyingi mjadala huo huisha kwa kamera kubwa kununuliwa, pesa kwisha na filamu kubaki kwenye daftari. Baada ya miezi michache kamera inauzwa kwa hasara, na kila mmoja anadai mchango wake. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua kamera bila kufika huko. Kanuni ni fupi: kamera inayokufaa ni ile ambayo ukishailipia, bado unabaki na pesa ya kumaliza filamu.

Kutoka Hatari! hadi simu ya mkononi

Eneo la Mlima Meru si geni kwa kamera. Mwongozaji Mmarekani Howard Hawks alikuja huku na mwigizaji John Wayne kupiga filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962. Sehemu yake ilipigwa Momella, chini ya mlima. Enzi hizo ulihitaji kamera nzito, mikanda ya kusafishwa maabara na kampuni kubwa ya kulipia yote hayo.

Miaka ya 2000 filamu nyingi za Bongo zilirekodiwa kwa kamera za video na kuuzwa kwa kanda za VHS, kisha VCD na DVD. Mwaka 2008 Canon walitoa EOS 5D Mark II, kamera ya picha za kawaida iliyoweza pia kurekodi video ya Full HD kwa lenzi za kubadilisha. Ghafla sura ya sinema ikawa karibu na mfuko wa mtu wa kawaida. Mwaka 2015 Mmarekani Sean Baker alitoa Tangerine, filamu ndefu iliyopigwa kwa simu za iPhone 5s. Jirani zetu wa Wakaliga, Kampala, chini ya Isaac Nabwana, walitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa pesa kidogo mno, nayo ikatazamwa duniani kote. Hakuna aliyeipenda kwa sababu ya ung'avu wa picha.

Mazingira yako yanadai nini?

Kabla ya kutaja jina la kamera, soma hadithi yako na ujiulize itapigwa wapi na saa ngapi.

Kama ni ya mchana, nje, sokoni Kilombero au mashambani Tengeru, hata simu nzuri au kamera ya zamani ya Full HD inatosha. Shida yako itakuwa jua kali la saa 6 mchana, si uwezo wa kamera. Dawa yake ni kivuli, au ND filta, kioo cheusi kinachofungwa mbele ya lenzi kupunguza mwanga.

Kama hadithi ina matukio mengi ya usiku, au ya ndani ya nyumba yenye taa moja, hapo ukubwa wa kihisi mwanga una maana. Kihisi ni kile kipande ndani ya kamera kinachopokea picha. Kikiwa kidogo, kama cha simu, picha za gizani hujaa chenga. Hata hivyo, lenzi yenye tundu pana, kwa mfano ya milimita 50 yenye f/1.8, pamoja na taa mbili za LED, mara nyingi huleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha kamera. Tena lenzi hiyo ni miongoni mwa zile za bei nafuu kabisa.

Kumbuka pia kwamba huku kwetu giza huingia upesi. Jua likishazama, mwanga mzuri wa jioni hudumu dakika chache tu. Ukipanga tukio refu la machweo, utalipiga kwa siku mbili au tatu, na kila siku ni nauli na chakula.

Namba zinazohitaji kueleweka

4K au Full HD? 4K ina nukta nne kwa kila moja ya Full HD. Inasaidia pale unapotaka kuikata picha wakati wa kuhariri, lakini ina gharama. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hula takriban GB 45 kwa saa. Filamu ya dakika 10 ambayo kila tukio limerudiwa mara kumi ni dakika 100 za kurekodi, yaani GB 75. Ukiweka nakala mbili, kama inavyotakiwa, ni GB 150. Je, kompyuta ya kuhariri itayaweza mafaili hayo bila kuganda? Kama haiwezi, rekodi Full HD bila aibu.

Fremu na umeme. Umeme wetu ni wa 50 Hz. Weka kamera kwenye fremu 25 kwa sekunde na shata 1/50, la sivyo baadhi ya taa za ndani zitaonekana zikipepesa kwenye picha. Kamera nyingi za mtumba huja zikiwa kwenye mpangilio wa NTSC, wa fremu 30 na 60. Hakikisha inakubali kubadilishwa kuwa PAL.

Tundu la maiki na la hedifoni. Hili wanunuzi wengi hulisahau. Canon 700D na 70D, zote za mwaka 2013, zina tundu la maiki lakini hazina la hedifoni. Canon 80D, Panasonic GH4 na Sony ZV-E10 zina yote mawili. Bila hedifoni, hujui umerekodi nini hadi urudi nyumbani.

Kamera za sinema. Blackmagic Pocket 4K ya mwaka 2018 inatoa picha nzuri mno kwa bei yake. Lakini betri yake haifiki mbali, haifuatilii fokasi yenyewe mtu akitembea, na mafaili yake ni makubwa. Kwa kikundi chenye betri mbili na umeme wa kukatika, inaweza kuwa mzigo.

Sauti kwanza

Sisi wa redio tunaishi kwa sauti, kwa hiyo unaweza kudhani tunaipendelea. Jaribu mwenyewe: tazama filamu yenye picha ya chenga kidogo lakini maneno yanasikika, kisha tazama yenye picha safi lakini upepo na bodaboda vimemeza maneno. Ya pili utaizima. Waliopiga Tangerine walitumia simu kwa picha, lakini sauti waliirekodi kwa vifaa vya kitaalamu.

Maiki ya juu ya kamera haitoshi mwigizaji akiwa mita nne mbele. Nunua kinasa sauti kidogo na maiki mbili za kubana kwenye nguo, na uzifunike kwa manyoya ya kuzuia upepo.

Kununua mtumba bila kulizwa

Nenda mchana, na memori kadi yako mwenyewe. Mulika ndani ya lenzi kwa tochi: ukiona utando kama wa buibui, huo ni ukungu, achana nayo. Funika lenzi kwa kifuniko chake, rekodi giza, kisha tazama kama kuna nukta nyeupe au nyekundu zisizohama. Rekodi dakika 20 mfululizo uone kama inajizima kwa joto. Chomeka maiki, sikiliza kelele. Fungua menyu pia, kwani baadhi ya Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zina Kijapani tu.

Arusha ni mji wa watalii. Kamera ya maana inayouzwa bei ya kutupa, bila chaja, bila risiti na muuzaji ana haraka, huenda ni ya wizi. Ukikamatwa nayo, kamera inakwenda na kesi inabaki. Andikishianeni, namba ya kamera iwemo.

Au usinunue kabisa

Kwa filamu ya kwanza, kukodi kuna hekima. Wapiga video wa harusi na sendoff hubanwa zaidi mwisho wa wiki. Jumatatu hadi Jumatano kamera zao nyingi zimepumzika. Panga kushuti siku hizo, na ikiwezekana mchukue mwenye kamera pamoja na kamera yake. Andikeni makubaliano: siku ngapi, nani analipa ikianguka, na mafaili ni ya nani.

Kwa zile 3,000,000 za kikundi, mgawanyo wenye afya unaweza kuwa hivi:

Kamera na lenzi, kukodi au mtumba: 1,000,000
Chakula na nauli: 600,000
Sauti: 500,000
Kadi, diski na betri za akiba: 400,000
Dharura: 300,000
Stendi na taa: 200,000

Kamera haizidi theluthi moja. Ikizidi, kuna mtu ataigiza na njaa, au kuna tukio halitapigwa.

Usisahau vibali

Filamu nchini husimamiwa na Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Ukitaka kupiga ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Arusha, unahitaji ruhusa ya TANAPA na kuna malipo. Droni nayo haipaishwi bila kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ulizia gharama hizi mapema. Pengine utagundua kwamba Meru unaonekana vizuri vilevile ukisimama kwenye uwanja wa jirani Sakina, bure, mradi umebisha hodi.

Jaribio la mwisho kabla ya kutoa pesa

Chukua simu iliyopo leo, piga tukio moja la dakika mbili lenye watu wawili wanaozungumza, lihariri, na uwaonyeshe watu watano wasiokujua. Wakiuliza "ikawaje?", una filamu, na sasa unaweza kutafuta kamera ya kuibeba. Wakisema tu picha haing'ai, rudi kwenye hadithi. Huko hakuna duka linaloweza kukusaidia, lakini pia hakuna gharama.