Unataka Tangi Kubwa kwa Pikapu? Soma Hii Kabla Fundi Hajawasha Mashine

Kama uko kisiwani na kazi yako ni ya pikapu, hii stori ushaisikia: "Toa hiyo tangi ya kiwanda, weka kubwa, usahau mambo ya kujaza njiani." Wanaoipiga sana ni wasee wa samaki, wale hupaki alfajiri karibu na soko la samaki la Mji wa Kale, na mabeshte zao wa kupeleka mizigo Lamu. Kuna wenye wanasema ukweli, na kuna wenye wanatupa ganji baharini mchana kweupe.

Anza na mahesabu. Hilux dabo kebini ya dizeli hutoka kiwandani na tangi ya lita 80. Isuzu D-Max ni lita 76. Tuseme Hilux inaenda kilomita 10 kwa lita moja, hapo una kilomita 800. Nairobi ni kama kilomita 480, na Mariakani, Voi, Mtito Andei kote kuna vituo. Buda, kama ruti yako ni hiyo, tangi kubwa ni mapambo tu.

Lamu sasa ndio kesi tofauti. Kutoka hapa hadi Mokowe, pale unapoachia gari na kupanda boti, ni kama kilomita 340. Enda urudi, 680. Ukiwa mtupu utatumia lita 68 na ubaki na 12. Lakini nani huenda Lamu mtupu? Ukibeba mzigo na barafu, gari likishuka hadi kilomita 8 kwa lita, unahitaji lita 85, na tangi yako ni ya 80. Kisha ukishapita Garsen, si mahali msee anataka kusimama usiku kutafuta dizeli. Watu wa hiyo barabara wanajua miaka ya eskoti za polisi, si lazima niwakumbushe.

Kuna wale husema tangi kubwa inakuokolea doo kwa sababu mafuta ya Mombasa ni bei nafuu. Ni kweli ni nafuu. EPRA ikitangaza bei kila tarehe 14, Mombasa huwa chini ya Nairobi kwa kama bob 3 kwa lita, kwa sababu meli zinashusha hapa Kipevu na Nairobi inalipia safari ya bomba. Sasa piga hesabu: lita 60 za ziada mara bob 3 ni 180. Hiyo ni mahamri na mbaazi, si biashara.

Ukiamua unaitaka, njia ni tatu. Jerikeni za lita 20 ndio rahisi, lakini zifungwe vizuri nyuma, nje, kamwe si ndani ya kebini na watu. Ya pili ni kuongeza tangi ndogo yenye pampu yake, ya kusukuma mafuta hadi kwa ile kubwa. Ya tatu ni kutoa ya kiwanda na kuweka ndefu iliyochorwa kwa modeli yako. Mabingwa wa hii kazi ni Australia, nchi ya jangwa na vituo vya mbali: Long Ranger hutengeneza za chuma, ARB wana za plastiki ngumu zinaitwa Frontier. Na kama bado hujanunua gari, jua Land Cruiser 79 hutoka na lita 130 bila wewe kugusa spana.

Sasa tufike kwa jua kali, maanake wengi wetu ndiko tutaishia. Mjomba wangu alitengenezewa yake na fundi mmoja, mabati safi yanang'aa, bei poa. Miezi michache tu gari likaanza kukohoa kwa milima. Filta imejaa uchafu mweupe kama sabuni, nozeli ziko karibu kufa. Hakuna mtu alikuwa amemwambia kwamba mabati yamepakwa zinki, na zinki na dizeli hazipatani. Zinki huyeyuka kidogo kidogo ndani ya mafuta, inaenda kukaa kwa nozeli. Kwa injini za siku hizi za komoni reli, hiyo ni hasara kubwa kuliko bei ya tangi yenyewe. Mabati yabaki kwa paa na matangi ya maji. Shaba nayo vilevile usiweke.

Ndani ya tangi kuwe na kuta zenye matundu, la sivyo lita 140 zitarukaruka kila ukipiga breki na utahisi gari linasukumwa na mtu. Kuwe na paipu ya kupumulia, na paipu ya kurudisha mafuta kutoka kwa injini. Lita 60 zaidi ni kama kilo 50, yaani mfuko mmoja wa simiti, kwa hivyo mikanda ya kushikilia isiwe ya kubahatisha.

Na tafadhali, tangi iliyowahi kuwa na mafuta isichomelewe hivi hivi. Msee anaona iko tupu, anadhani iko salama. Tupu ndio mbaya, kwa sababu imejaa mvuke, na cheche moja inatosha. Fundi akikataa kuiosha na kuijaza maji kwanza, beba tangi yako uende.

Chumvi ya hapa kwetu nayo haina huruma. Paka rangi ya kuzuia kutu nje yote. Usilaze gari na tangi nusu kila siku, maana unyevu hugeuka maji ndani. Mwaga maji ya filta mara kwa mara.

Waandikie watu wa bima kuhusu hiyo tangi, wasije wakakuruka siku ya moto, na uliza NTSA kuhusu kukaguliwa. Ukianza kuuzia majirani dizeli bila leseni ya EPRA, hiyo ni kesi nyingine.

Mwisho ni geji. Floti ya zamani itakudanganya, kwa hivyo anza tangi ikiwa tupu, jaza lita 10 kila mara, na uandike mshale umefika wapi. Kisha endesha hadi Mtwapa urudi, uingie chini ya gari na tochi, ucheki kila kiungo kama kuna unyevu.