Habari za Ndege ya Vita Iitwayo Hurricane, na Askari Wetu wa Keya



Katika taarifa ya mwaka huu tumeona vema kutia habari fupi za ndege iliyowalinda wazee wetu wa K.A.R., yaani Keya, katika vita vya Uhabeshi. Habari za mwendo wao wa miguu na malori zimesimuliwa sana huku kwetu. Zile za angani ni wachache wanaozijua.

Ndege hiyo ni Hurricane, maana yake tufani. Ilibuniwa na Mwingereza Sydney Camm, ikaruka mara ya kwanza tarehe 6 Novemba, 1935. Ilichukua mtu mmoja tu, ikawa na bunduki 8 za rasharasha mabawani, na mwendo wake ulipita maili 300 kwa saa. Lakini sifa yake hasa haikuwa mwendo. Nyuma ya kiti cha rubani, mwili wake ulikuwa mifupa ya chuma na mbao iliyovikwa kitambaa, ukapakwa rangi. Mara nyingi risasi ilipenya ikatokea upande wa pili bila kuvunja kitu, na fundi aliweza kuziba tundu hilo nyikani, mbali na karakana. Kwa nchi kama ya Wajir hiyo ilikuwa neema.

Aibu zake nazo hatuzifichi. Tangi moja la petroli liliwekwa mbele ya rubani, kati yake na injini. Likipigwa, moto ulimrukia usoni na mikononi. Tarehe 6 Septemba, 1939, vita vikiwa na siku tatu tu, Hurricane mbili ziliangushwa huko Uingereza na ndege za Waingereza wenyewe, waliozidhania kuwa za adui, na rubani mmoja akafa. Tena tarehe 17 Novemba, 1940, Hurricane 12 zilirushwa kutoka katika meli ya Argus ziende kisiwa cha Malta. Kwa kuziogopa manowari za Waitaliani, zilirushwa zingali mbali mno. Petroli ikaisha njiani, 8 zikapotea baharini, wala adui hakupoteza hata risasi moja.

Tuje kwetu. Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni, 1940. Mwezi huo huo Wajir ikapigwa mabomu, na mwezi wa Julai Moyale ikatwaliwa. Ulinzi wa anga ya Kenya uliwategemea zaidi marubani wa Afrika Kusini, ambao kikosi chao cha 3 kilikuwa na Hurricane. Mwanzoni mwa mwaka 1941 majeshi ya Jenerali Cunningham yakavuka mpaka, Keya wakiwamo. Kismayu ilitwaliwa tarehe 14 Februari, na Mogadishu tarehe 25. Aliyewahi kuliona jangwa lile anajua kwamba msafara wa malori hauna pa kujificha. Vumbi lake huonekana toka mbali. Ndiyo sababu ilikuwa lazima ndege za adui ziharibiwe katika viwanja vyake zenyewe.

Tarehe 15 Machi Hurricane zilishambulia kiwanja cha Dire Dawa. Ndege ya Kapteni John Frost ikapigwa, akalazimika kutua katika nchi ya adui. Mwenziwe, Luteni Kershaw, alipoona hayo akashuka, akatua karibu naye huku risasi zikivuma. Kiti kilikuwa kimoja tu! Basi mmoja akapakatwa na mwenziwe kama mtoto, wakaondoka wawili ndani ya ndege ya mtu mmoja, wakafika salama. Kershaw akapewa nishani ya D.S.O. Tarehe 6 Aprili Addis Ababa ikaingiwa. Frost huyo aliyeokolewa alipotea vitani huko Libya tarehe 16 Juni, 1942, wala mwili wake haukupatikana.

Msomaji atauliza, marubani Waafrika walikuwa wapi? Hawakuruhusiwa kuzirusha ndege hizo. Kazi yao ilikuwa chini, kwa bunduki, kwa malori na kwa majembe. Baadaye Keya walipelekwa Burma, na huko tena Hurricane, sasa zimefungwa mabomu chini ya mabawa, ziliwasaidia askari wa nchi kavu. Hurricane ya mwisho ilikuwa imekwisha kuundwa mwaka 1944, baada ya zaidi ya 14,000.

Kershaw alistahili nishani yake, hatumwonei kijicho. Lakini Kibera yenyewe ni ardhi ya askari. Mwaka 1918 zaidi ya ekari 4,000 zilitangazwa kuwa eneo la jeshi, na Wanubi wa Keya, na watoto wao baada yao, wakakaa humo bila hati. Hati ya jumuiya yao ilitolewa mwaka 2017, nayo ni ya ekari 288.