Kitabu cha Pamba

Historia ya kisomo nchini Tanzania aghalabu huanzia shuleni na kuishia shuleni. Nyumba huachwa nje ya masimulizi. Mimi nilijifunza kusoma kwenye mkeka wa bibi yangu, Usukumani, kabla sijalijua dawati. Na bibi mwenyewe alijua kusoma akiwa mtu mzima mwenye watoto wakubwa.

Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka uliofuata, TANU iliazimia kuufuta ujinga wa kutojua kusoma na kuandika ifikapo mwisho wa 1975. Kanda ya Ziwa ilikwisha kutangulia: tangu 1968, mradi uliosaidiwa na UNESCO ulikuwa ukijaribu huko kile kilichoitwa kisomo chenye manufaa. Vitabu vyake vilifundisha kusoma kwa njia ya pamba, migomba, mifugo na uvuvi. Mkulima aliyeweza kuisoma mizani hakupunjwa kirahisi. Hilo bibi alilielewa kuliko hotuba yoyote.

Takwimu za kampeni ile huhesabu watu wazima waliofaulu mitihani. Hazihesabu walichokifanya jioni. Bibi alilikata neno pamba vipande viwili, pa na mba, kisha akaandika vumbini kwa kidole: pa, pe, pi, po, pu. Aliweza kunifundisha, ingawa hakupata kusomea ualimu, kwa kuwa herufi za Kiswahili hazimgeuki msomaji. Irabu husikika vilevile popote zilipo. (Usanifishaji wa tahajia ulisimamiwa na kamati ya kikoloni iliyoundwa 1930. Deni ni deni, hata kwa mtu usiyempenda.)

Mwaka huu mwanangu ametimiza miaka sita. Namlipia ada kubwa, naye huimba nyimbo za Kiingereza bila kukosea. Jumapili moja nilimpa ukurasa wa gazeti la Kiswahili. Akazitaja herufi moja moja kwa majina ya Kiingereza, akakwama, akanitazama. Nilitaka kuilaumu shule. Lakini ni mimi, mwenye shahada ya uzamivu, ambaye sikuwahi kuketi naye hata jioni moja.

Nikatandika mkeka, nikaandika pamba. Akauliza kama ni ile ya masikioni. Nikamwambia achague neno lake mwenyewe. Tukaanza na bajaji: ba, ja, ji.