27 Agosti: mlipuko, vita ya dakika 38, na nani alikuwa ameshika saa

Unazijua zile orodha za "Siku kama ya leo". Redio wanazisoma asubuhi, kalenda za ukutani zinaziandika kwa herufi ndogo, na wewe unazisikiliza huku unakoroga chai. Chukua 27 Agosti. Mwaka 1859 Edwin Drake alifikia mafuta kwenye kisima chake Titusville, Pennsylvania. Mwaka 1962 Marekani ilirusha Mariner 2 kuelekea Zuhura. Mwaka 2003 Mirihi ilisogea karibu na Dunia kuliko ilivyowahi kwa karibu miaka 60,000. Mambo haya hayahusiani kabisa, yamekutana kwenye namba tu.

Lakini orodha hiyohiyo ina mistari miwili ambayo mtu wa pwani yetu hapaswi kuipita haraka. Mmoja unasema: 1883, volkano ya Krakatau yalipuka, sauti iliyosikika mbali kuliko zote. Mwingine: 1896, vita fupi kuliko zote duniani, Zanzibar. Rekodi mbili, siku moja. Hebu tuzifungue.

Krakatau ni kisiwa kilichopo kati ya Java na Sumatra, katika nchi tunayoiita leo Indonesia. Wakati huo ilikuwa chini ya Waholanzi. Volkano ilianza kuunguruma miezi kadhaa kabla, ikachachamaa tarehe 26 Agosti mchana, na asubuhi ya tarehe 27 ikalipuka mara nne mfululizo. Mlipuko mkubwa kuliko yote ulitokea saa nne na dakika mbili asubuhi, kwa saa za kule. Sehemu kubwa ya kisiwa ikaporomoka baharini.

Sasa twende kisiwa cha Rodrigues, mashariki ya Mauritius, umbali wa kilomita 4,800 hivi kutoka Krakatau. Mkuu wa polisi wa pale aliandika kwamba alisikia mizinga ikipigwa kwa mbali, upande wa mashariki. Mizinga! Wewe mwenyewe unaweza kuhakiki kama kweli alisikia Krakatau. Sauti hewani husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, yaani kilomita 1,224 kwa saa. Gawanya 4,800 kwa 1,224: unapata karibu masaa manne. Na kweli, ukirekebisha tofauti ya saa za huku na kule, sauti ile ilifika Rodrigues kama masaa manne baada ya mlipuko.

Zaidi ya hapo sikio halikusikia kitu, ila vyombo vilihisi. Kipimo cha mgandamizo kwenye kiwanda cha gesi cha Batavia (Jakarta ya leo), kilomita 160 kutoka kwenye volkano, kilirukia juu kupita mpaka wake. Barometa za miji mbalimbali duniani zikaonyesha wimbi la hewa likipita, kisha likirudi kutoka upande wa pili, kisha tena. Kuna vituo vilivyoliona mara saba. Kuizunguka Dunia nzima lilichukua takriban masaa 35.

Hapa ndipo ninapopenda kuchukua karatasi. Ukiangalia ramani, Krakatau na Mji wa Zanzibar vipo karibu kwenye mstari mmoja wa latitudo, nyuzi 6 na dakika chache kusini ya ikweta. Kati yao kuna bahari tupu, kilomita kama 7,300. Wimbi linaloizunguka Dunia kwa masaa 35 litavuka umbali huo kwa masaa sita na nusu kasoro. Na kwa kuwa jua la Zanzibar liko nyuma ya la Krakatau kwa masaa manne na dakika ishirini na kitu, mlipuko wa saa nne asubuhi kule ulikuwa alfajiri huku, kabla ya jua kuchomoza. Jumlisha: wimbi la Krakatau lilipita juu ya Unguja mnamo saa sita mchana. Sultani Barghash alikuwa hai, Beit al-Ajaib yake ndiyo kwanza inajengwa, watu wanajiandaa kwa adhuhuri, na hewa ikawapitia vichwani bila mtu kugeuka.

Kilichoonekana kwa macho kilichelewa. Krakatau ilitapika mawe yale mepesi yenye matundu, ndugu wa yale tunayosugulia visigino, na yaliganda baharini kama mikeka mikubwa inayoelea. Mkondo wa bahari uliyasukuma magharibi polepole. Kufikia katikati ya mwaka 1884 yalikuwa yameanza kufika ufukweni Zanzibar. Kilomita 7,300 kwa miezi kumi na moja ni kama kilomita 22 kwa siku, mwendo wa mtu anayetembea nusu siku na kupumzika nusu. Taarifa zilizokusanywa na Royal Society ya London, na kuchapishwa mwaka 1888, zinaeleza habari za mawe hayo. Zipo na habari kwamba pamoja na mawe ilikuja mifupa ya watu.

Nataka ubaki hapo kidogo, kwa sababu orodha za "siku kama ya leo" hazibaki. Zinakupa sauti na umbali wake. Waliouawa na Krakatau, kwa hesabu ya serikali ya Kiholanzi, ni 36,417, na wengi wao hawakuuawa na moto wala kishindo. Waliuawa na bahari: tsunami yenye mawimbi ya zaidi ya mita 30 mahali pengine, iliyofagia vijiji vya pwani ya Java na Sumatra.

Miaka 13 baadaye, latitudo ileile. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini akafariki ghafla. Khalid, mtoto wa Barghash, akaingia kwenye kasri na kujitangaza mtawala bila ridhaa ya Waingereza. Balozi wao mdogo, Basil Cave, akapiga telegrafu London kuomba ruhusa ya kutumia nguvu. (Waya wa telegrafu chini ya bahari ulikuwa umefika Zanzibar tangu 1879, na bila huo hadithi hii ingekwenda kwa mwendo wa yale mawe.) Ruhusa ikaja. Khalid akapewa amri ya mwisho: bendera ishushwe na kasri liachwe wazi ifikapo saa tatu asubuhi, tarehe 27. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza.

Vita ilikuwa ya dakika ngapi? Utasoma 38, utasoma 40, utasoma 45. Hakuna aliyedanganya, inategemea unaanza kuhesabu wapi na unamalizia wapi. Unaanzia muda wa amri kuisha au risasi ya kwanza? Unamalizia mizinga iliponyamaza au bendera ilipoanguka? Mtu yeyote aliyewahi kufanya jaribio maabara anaujua ugomvi huu: kabla hujabonyeza saa, kubalianeni kwanza mwanzo ni nini.

Lakini angalia ni nani aliyekuwa na saa mkononi. Muda tunaojibizana nao umetoka upande wa meli za Kiingereza, na upande huo ulihesabu pia majeruhi wake vizuri kabisa: baharia mmoja. Upande wa kasri tunaambiwa "kama 500", waliokufa na waliojeruhiwa pamoja. Mmoja kwa nambari kamili, mia tano kwa kukadiria. Ndani ya kasri walikuwamo askari, watumishi, watumwa na raia waliojitokeza kumuunga mkono Khalid. Majengo yalikuwa na mbao nyingi, yakashika moto. Kwa aliyekuwa ndani, sijui kama neno "fupi" lingemwingia akilini.

Hata hiyo "siku moja" ina mwenyewe. Zanzibar ya wakati ule ilihesabu miezi kwa mwandamo. Krakatau ililipuka katika kumi la mwisho la Mfunguo Mosi, mwaka 1300 wa Hijria. Mizinga ilipigwa katikati ya Mfunguo Sita 1314, siku chache baada ya Maulidi. Mzee wa Mji Mkongwe aliyeishi nyakati zote mbili asingekuambia kwamba zilikuwa tarehe moja. Kwenye kalenda yake hazikukaribiana hata kidogo.

Khalid alikimbilia kwa balozi wa Ujerumani, na mwanzoni mwa Oktoba Wajerumani wakamtorosha kwa bahari hadi Dar es Salaam. Mchana uleule wa tarehe 27, Hamoud bin Mohammed aliwekwa kuwa Sultani, na mwaka uliofuata akatia saini amri ya kufuta hadhi ya kisheria ya utumwa. Khalid alikamatwa na Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akapelekwa uhamishoni, na hatimaye akaruhusiwa kurudi Afrika Mashariki. Alifia Mombasa mwaka 1927.

Meli ya Sultani, Glasgow, ilizamishwa bandarini asubuhi ile. Maji ya pale si ya kina kirefu, kwa hiyo milingoti yake ilibaki imesimama juu ya bahari mbele ya mji. Iliendelea kuonekana hadi mwaka 1912, ndipo mabaki yakavunjwa na kuondolewa.